Ustaarabu Ulifika Kyela Lini?

Wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha, ile tunayoiita BTP, niliulizwa swali ambalo mpaka leo linanisumbua. Nilikuwa nafundisha Historia Kidato cha Kwanza katika shule moja ya kata huko Kyela, si mbali na nyumbani kwetu Mbugani. Ubaoni nilishachora mshale wa hatua za binadamu, kutoka zana za mawe hadi zana za chuma, na pembeni nikaorodhesha staarabu za kale: Misri, Mesopotamia, Ugiriki, Roma. Watoto walikuwa wananakili kimyakimya kama kawaida, maana si unajua, desa la madam ndiyo mtihani wenyewe.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Madam, na huku kwetu ustaarabu ulifika lini?"

Nikajibu bila hata kufikiri. Nikamwambia ulikuja na wamisionari mwaka 1891, walipofika Rungwe wakajenga kanisa, shule na zahanati. Akasema, "Asante madam," akakaa, akaandika kwenye daftari lake. Darasa zima likaandika.

Jioni nikamsimulia bibi yangu, nikidhani atafurahi kwamba wanafunzi wangu wanauliza maswali. Alikuwa amekaa uani anapepeta mchele. Aliniangalia, akacheka, halafu akanionyesha mtungi wa maji ulioko kona ya jiko, mtungi wa Kikisi ambao umekuwepo kabla sijazaliwa. "We mwalimu, na huo mtungi unaokunywesha maji kila siku, nao waliuleta wazungu?"

Sikuwa na jibu. Miaka mitatu ya shahada ya ualimu, somo la Historia ndilo la kufundishia, na sikuwa na jibu la kumpa bibi ambaye hakumaliza darasa la nne.

Naandika makala haya kwa sababu naamini si mimi peke yangu. Wengi wetu tunaosoma ualimu tutakwenda vijijini na jibu lilelile nililompa yule kijana. Naona jibu lile ni kosa, na ni kosa lenye madhara.

Tuanze na lile neno lenyewe. Ustaarabu. Wanaosoma Kiswahili hapa chuoni wanajua asili yake: kustaarabika ni kuwa kama Mwarabu. Yaani tangu mwanzo neno limebeba wazo kwamba kuna mtu fulani aliyekwisha fika, na wengine wote tunamfuata nyuma. Baadaye yule mtu akabadilika, akawa Mzungu, lakini wazo halikubadilika. Ndiyo maana yule kijana hakuuliza "kwetu kulikuwa na ustaarabu gani?" Aliuliza "ulifika lini?" Kama basi la kutoka Mbeya.

Halafu kuna ile orodha. Mwaka 1950 mwanaakiolojia V. Gordon Childe aliandika alama kumi za kutambua jamii iliyofikia hatua ya miji: majengo makubwa ya umma, maandishi, wataalamu wasiolima, ushuru unaokusanywa na watawala, biashara ya mbali na kadhalika. Ilikuwa kazi nzuri kwa ajili ya kueleza miji ya Mesopotamia kama Uruk, ambako maandishi yalianza kama mwaka 3200 KK. Tatizo ni kwamba orodha ile tumeigeuza mizani ya kupimia watu. Usipokuwa na piramidi, unapata sifuri. Katika madaftari yetu jamii ambazo hazikujenga miji zinaishia kwenye sura ya "ujima wa kale", zinapewa aya mbili, halafu mwalimu anageuza ukurasa.

Sasa basi, tuangalie huku kwetu kuna nini, tukianzia mbali kabisa.

Ukivuka mpaka pale Kasumulu, ukavuka Mto Songwe na kuingia Malawi, unafika Karonga. Mwaka 1991, mahali panapoitwa Uraha, watafiti walipata taya la chini la kiumbe wa jamii ya Homo, lenye umri wa takriban miaka milioni 2.4. Kundi lile liliongozwa na Friedemann Schrenk na Timothy Bromage. Ni moja ya mabaki ya zamani zaidi ya ukoo wetu wa Homo yaliyowahi kupatikana popote duniani. Miaka mitano baadaye, huko huko Karonga, katika eneo la Malema, likapatikana taya la juu la binamu yetu mwingine, Paranthropus boisei, jamii ileile ya yule Zinjanthropus ambaye Mary Leakey alimgundua Olduvai mwaka 1959. Wote tunamjua Zinjanthropus, hata mtoto wa darasa la tano anamjua. Lakini nilizaliwa na kukulia Kyela, na habari za Uraha nilizisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 21.

Wala si mifupa tu. Mwaka 2021 kundi la watafiti lililoongozwa na Jessica Thompson lilichapisha utafiti uliofanyika upande wa kaskazini wa ziwa letu. Walilinganisha mashapo yaliyochimbwa chini ya ziwa na zana za mawe zilizofukiwa Karonga, wakaona kwamba miaka kama 85,000 iliyopita, mvua zilirudi na ziwa likajaa, lakini msitu haukurudi kama ilivyotarajiwa. Badala yake mkaa uliongezeka sana. Maelezo yao ni kwamba watu walikuwa wanachoma moto mara kwa mara, wakabadilisha uoto wa nchi nzima, msitu ukapungua na maeneo ya wazi yakaongezeka. Fikiria hilo. Muda mrefu kabla ya shamba la kwanza la ngano huko Mesopotamia, watu wa ufukwe wa Ziwa Nyasa walikuwa tayari wanaitengeneza nchi yao kwa moto.

Kwa upande mwingine, kwenye Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Mkoa wa Rukwa na Zambia, wakachimbua magogo mawili yaliyochongwa na kupandanishwa moja juu ya jingine ili yakae imara. Taarifa ilitoka mwaka 2023: umri wake ni miaka isiyopungua 476,000. Hapo hata sisi, Homo sapiens, hatujatokea. Mtu ambaye hatumjui jina wala sura aliona gogo, akafikiria jengo, akachonga. Na Isimila pale Iringa, mashoka ya mkono ya mawe yametapakaa korongoni kwa wingi mpaka unaogopa kuyakanyaga. Tumezungukwa, jamani. Ukiwa Kyela uko katikati ya ushahidi wa mwanzo wa akili ya binadamu, halafu unafundisha kwamba akili ilikuja kwa meli mwaka 1891.

Najua mtu atasema: hayo ni ya kale mno, hayo ni ya binadamu wote, hayahusiani na Wanyakyusa wala Wakisi. Sawa. Tusogee karibu.

Chukua chumvi. Kule Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, mkoa wa Songwe wa leo, watu walikuwa wanatengeneza chumvi kutoka kwenye chemchemi kuanzia karne ya 13 hivi. Chukua chuma. Wakinga wa juu kwenye Milima ya Livingstone walikuwa wanayeyusha chuma na kufua majembe, wanayashusha bondeni kubadilishana na vyakula. Chukua vyungu. Wakisi wanaishi kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na maji, ardhi ya kulima ni kidogo, kwa hiyo wakaishi kwa samaki na udongo. Wanawake wanafinyanga, wanapamba kwa udongo mwekundu na mweupe, wanachoma, halafu vyungu vinapakiwa kwenye mitumbwi na kusafirishwa pwani yote ya ziwa. Soko la Lyulilo pale Matema bado lipo. Nenda Jumamosi utaviona vimepangwa mchangani.

Sasa unganisha hayo matatu. Mlimani kuna mafundi wa chuma. Ufukweni kuna mafundi wa udongo na mitumbwi. Bondeni kuna wakulima wa ndizi na wafugaji wa ng'ombe ambao udongo wao wa volkano una rutuba ya kulisha wote. Kila mmoja anamtegemea mwenzake, bidhaa zinatembea, na hakuna mfalme mmoja anayewaamrisha wala mji mkuu unaokusanya ushuru. Childe angetafuta mji asiuone. Lakini kazi ambayo mji ulifanya Uruk, yaani kuwakutanisha wataalamu mbalimbali wakabadilishana, ilifanyika hapa bila mji. Kwangu mimi hilo ndilo swali zuri la mtihani: waliwezaje?

Halafu kuna utawala, na hapa ndipo nilipojiona mjinga zaidi.

Kati ya mwaka 1934 na 1938, Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa na kuandika walichokiona. Kitabu cha Monica cha mwaka 1951 kinahusu kitu ambacho ni nadra sana duniani: vijiji vya rika. Kwa kawaida kijiji ni ukoo, baba na watoto wake na wajukuu. Kwa Wanyakyusa haikuwa hivyo. Wavulana wakifika miaka kama kumi walitoka kwa wazazi wao, wakajenga vibanda vyao pamoja pembeni. Walilala huko, lakini walirudi kula kwa mama zao, tena kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Wakikua, wakioa, kile kijiji cha watoto kinakuwa kijiji cha watu wazima, na wanazeeka pamoja. Thamani kubwa ilikuwa ukwangala, kukaa na wenzako kwa amani, kula na kuzungumza. Anayekula peke yake alitazamwa vibaya.

Juu yao alikuwepo malafyale, mtawala wa eneo lake dogo, na malafyale walikuwa wengi. Lakini viongozi wa vijiji, amafumu, hawakutoka katika ukoo wa malafyale. Walitoka kwa watu wa kawaida. Tena iliaminika kwamba wana uwezo wa kumdhuru mtawala anayekosea, kwa ile inayoitwa pumzi ya watu: manung'uniko ya wananchi yakizidi, malafyale anaugua. Unaweza kucheka imani hiyo ukitaka. Mimi naisoma kama katiba. Ni namna ya kumwambia mkubwa kwamba kero za watu zinaweza kukufikia hadi mwilini.

Na kubwa kuliko yote ni ubusoka. Kila kizazi, vijana wakishakomaa na kuoa, ilifanyika sherehe ya kukabidhiana. Watoto wa malafyale walitoka rasmi, nchi ikagawanywa, amafumu wapya wakachaguliwa, na wazee wakasogea pembeni kuwapisha vijana kwenye ardhi na madaraka. Yaani jamii ilikuwa na utaratibu unaojulikana wa wazee kuachia ngazi wakiwa bado hai! Wenzangu tunaolalamika kila uchaguzi kwamba vijana hatupewi nafasi, mambo haya yalikuwa yanafanyika Kyela na Rungwe, na tunayaita "ujima".

Mwaka 1879 msafiri Joseph Thomson alipita kaskazini mwa ziwa, akavutiwa sana na usafi wa makazi na mashamba ya migomba. Hakuwa mtu wa kutuonea huruma, alikuwa mtu wa enzi yake. Na huo ulikuwa mwaka 1879, miaka kumi na miwili kabla ya "ustaarabu" niliomwambia yule kijana kwamba ndipo ulipofika.

Hapa lazima nijizuie, maana najua tabia yetu: tukiacha kujidharau tunarukia kujisifu kupita kiasi. Sisemi Unyakyusa ilikuwa pepo. Vijiji vya rika vilikuwa vya wanaume. Mwanamke alihamia kwa mumewe, alilima, alipika, na hakuwa na kijiji cha rika lake. Ng'ombe walikuwa mikononi mwa wanaume, na mwenye ng'ombe wengi alioa wake wengi, mara nyingi wadogo sana kwake kiumri. Watu walituhumiwa uchawi na kunyweshwa mwavi. Hata wanazuoni waliokuja baadaye, kama Simon Charsley, walihoji kama vijiji vya rika vilikuwa safi na vya kale kiasi hicho kama Monica Wilson alivyoeleza. Hayo yote tuyafundishe pia. Mimi ni mwanamke, sina sababu ya kuficha.

Lakini mbona hatuulizi maswali hayohayo kuhusu Misri? Piramidi la Khufu, lililojengwa kama mwaka 2560 KK, ni kazi kubwa ya mikono ya binadamu, hakuna anayebisha. Ilikuwa pia kazi ya nchi nzima kumzika mtu mmoja. Tunawafundisha watoto ukubwa wa mawe, hatuwafundishi kuuliza nani aliyabeba. Kilwa yetu vilevile. Ibn Battuta alipita pale mwaka 1331 akaisifu, na magofu ya Husuni Kubwa ni fahari ya Tanzania na ya dunia. Lakini utajiri wa Kilwa ulitokana na dhahabu iliyochimbwa mbali sana bara, na utumwa pia ulikuwepo. Kila ustaarabu una gharama yake na kuna mtu anayeilipa. Ninachodai ni kipimo kimoja kwa wote: tukimhoji Mnyakyusa kuhusu wanawake, tumhoji na Farao kuhusu wabeba mawe. Na tukimpa Farao sura nzima kwa ajili ya kaburi, tumpe Mnyakyusa angalau somo moja kwa ajili ya namna ya kukabidhiana madaraka.

Nimeshajadiliana na wenzangu bwenini kuhusu hili na pingamizi wanalolitoa ni moja: "Mwalimu, hayo hayatoki NECTA." Naelewa. Mwanafunzi anataka alama, mkuu wa shule anataka wastani, na wewe uko BTP, msimamizi akija unataka akute andalio la somo limekaa vizuri. Lakini kwanza, mtaala ulioboreshwa unasisitiza umahiri, na sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mlango upo wazi, tatizo ni kwamba hatuna cha kuingiza. Pili, mtoto anayeelewa kwa nini Mkinga alibadilishana jembe kwa ndizi ataelewa kwa urahisi zaidi kwa nini Kilwa ilibadilishana nguo kwa dhahabu. Ukianza na anachokijua, kisichojulikana kinaingia. Hiyo tumefundishwa mwaka wa kwanza kabisa, halafu tukaisahau tulipoingia darasani.

Na kuna haraka. Wazee wanaondoka. Mashimo ya udongo wa matofali yanachimbwa kila kona, na kigae cha chungu cha kale au jiwe lililochongwa likitoka, linatupwa. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, lakini sheria haiwezi kulinda kitu ambacho mchimbaji hajui kwamba ni kitu. Nani atamwambia? Serikali haina mtu wa kukaa kila kijiji. Sisi tupo. Kila mwaka mamia ya wanafunzi wa ualimu tunatawanyika nchi nzima kwa wiki kadhaa, tunakula ugali wa watu, halafu tunarudi na fomu za tathmini tu.

Napendekeza mambo mawili. La kwanza, kila mwanafunzi wa ualimu anayekwenda BTP arudi na kurasa mbili za historia ya mahali pale: wazee wanasema nini, walitengeneza nini, walibadilishana nini na nani, walimwajibishaje mtawala. Serikali ya wanafunzi izikusanye, na jarida hili lichapishe zilizo bora. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji daftari na adabu ya kukaa na mzee. La pili, tuache kufundisha ile ngazi ya hatua kana kwamba kila jamii lazima ipande vidato vilevile. Tubadilishe swali. Badala ya "walifikia hatua gani?" tuulize "walikuwa na tatizo gani, na walilitatua vipi?" Swali hilo unaweza kumuuliza mjenzi wa Kalambo, mwandishi wa Uruk na mama wa Kikisi, na wote wakakujibu kwa heshima sawa.

Wiki ya mwisho ya BTP nilirudi kwenye lile darasa na mtungi wa bibi. Nilikuwa nimeufunga kwenye kanga nikaubeba kwa bodaboda, roho juu njia nzima. Nikauweka mezani, nikawaambia: lile jibu nililowapa wiki ya tatu lilikuwa na makosa, futeni. Kidogo wakashangaa, maana walimu hatusemagi hivyo. Kisha nikawauliza nani nyumbani kwao kuna mtungi kama huu, na mikono karibu yote ikapanda. Tukazungumza vipindi viwili mfululizo: udongo unatoka wapi, kwa nini Wakisi na si Wanyakyusa, nani alikuwa analipa nini. Binti mmoja alijua mambo ya kufinyanga kuliko mimi, kwa sababu mama yake mzazi ni mtu wa Ikombe. Alikuja mbele akafundisha, mimi nikakaa kwenye dawati lake.

Yule kijana wa nyuma alinifuata nje baada ya kengele. Akaniuliza sasa aandike nini pale alipoandika 1891. Nikamwambia aende kwa babu yake kwanza, amuulize kuhusu vijiji vya rika, halafu aandike mwenyewe. Akasema, "Ndaga madam," akaondoka.

Sijui aliandika nini. BTP iliisha Ijumaa ile, na mtungi wa bibi niliurudisha salama.